Mgonjwa hajapata nafuu? Kagua haya kabla hujaongeza dawa

Madaktari wenzangu mnaoshinda na wagonjwa wa kila siku, presha, kikohozi, pumu, mgongo, leo nina jambo moja tu. Mgonjwa akirudi hajapata nafuu usikimbilie kumwandikia dawa nyingine. Kagua kwanza kipimo chenyewe, kisha anavyotumia dawa alizonazo, halafu jiulize kama hizo dawa zetu ndo zinamletea hayo anayolalamikia.

Tuanze na presha. Mgonjwa kaingia anahema, kakaa kwenye stuli isiyo na kiegemeo, miguu inaning'inia, mkanda wa kupimia umefungwa juu ya shati, na huku mashine inapima we unamuuliza habari za watoto. Namba itakayotoka hapo haina maana. Mwache akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimegusa chini, asikunje nne, mkono uwe wazi na umelazwa mezani usawa wa moyo, kama kabanwa na mkojo aende kwanza, na kama ametoka kuvuta sigara au kunywa kahawa subiri nusu saa ipite. Na mkanda jamani! Mkono mnene ukiufunga mkanda mdogo presha inasoma juu kuliko ilivyo, matokeo yake mtu anaanzishiwa dawa za maisha kwa sababu ya mkanda. Pima mara mbili, uache dakika moja au mbili katikati. Na kama anapima nyumbani kumbuka kule tunaanza kuhesabu iko juu kwenye 135/85, sio ile 140/90 ya kliniki.

Haya, umepima vizuri na bado iko juu. Ukimuuliza "unameza dawa?" atakwambia ndiyo daktari, nani atasema hapana? Mi huwa nauliza hivi: "watu wengi kuna siku dawa inawapita, we wiki hii zimekupita siku ngapi?" Hapo mtu anafunguka, anakwambia zimeisha tangu juzi, au anaruka siku za safari kwa sababu ya kukojoa njiani. Halafu uliza za maumivu, na uzitaje kwa jina, diklofenaki, ibuprofeni, manake wengi wanazimeza kila siku kwa ajili ya magoti na hawazihesabu kabisa kama dawa, wakati zinapandisha presha na kuzipunguzia nguvu dawa zako.

Sasa hili la dawa kuzaa ugonjwa mpya ndo linaniuma zaidi. Mtu anatumia amlodipini ya presha, miguu inavimba vifundoni, anapewa furosemaidi ya kumkojoza, potasiamu (chumvi ya mwili) inashuka, anaanza kulegea na kizunguzungu, anaongezewa vidonge vya potasiamu, yaani kaja na dawa moja sasa anabeba mfuko. Uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini, ni mishipa midogo imetanuka na maji yanavujia kwenye nyama, kwa hiyo dawa ya kukojoa haisaidii sana. Ukishahakikisha moyo, figo na ini viko sawa, na kwamba sio mguu mmoja tu umevimba (huo mmoja fikiria damu kuganda), punguza dozi au badilisha dawa. Vivyo hivyo dawa za presha kama enalaprili, lisinoprili na kaptoprili zinaleta kikohozi kikavu, na kinaweza kuanza hata miezi baada ya kuanza dawa, ndo maana hakuna anayeishuku dawa. Mhamishie losartani, dawa nyingine ya presha, ila mwambie kikohozi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha, la sivyo atadhani umekosea. Na mgonjwa wa sukari aliyekaa miaka na metformini akilalamika ganzi miguuni, usiseme tu ni sukari hiyo, pima na vitamini B12.

Pumu: usimuulize kama anajua kutumia pampu, mwambie "nionyeshe". Utashangaa. Kuna mama mmoja alibonyeza pampu mdomo ukiwa wazi, moshi mweupe ukatoka wote nje, ndo akavuta hewa, kwa bidii kabisa, na dozi ilikuwa inataka kupandishwa! Atikise, atoe pumzi, afunge midomo vizuri, aanze kuvuta taratibu ndo abonyeze, aendelee kuvuta hadi mwisho, azuie pumzi sekunde 10. Ikiwa ni ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa) asukutue mdomo na kutema. Uratibu wa mkono na pumzi ukimshinda mpe chemba, kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na pampu na kushika dawa hadi aivute.

Kikohozi cha baada ya mafua sitakaa nacho sana. Mwambie mapema kwamba kinaweza kukaa hadi wiki 3, manake yeye anategemea siku chache, zikipita anarudi kudai antibayotiki. Msikilize kifua na umwambie umesikia nini, wengi wanachotaka ni hicho. Arudi haraka akikosa pumzi, akitoa damu, au homa ikishuka kisha ikapanda tena. Mahali penye kifua kikuu kingi, wiki 2 za kukohoa zinatosha kumpima makohozi.

Mgongo nao mara nyingi unapoa wenyewe ndani ya wiki chache, mtu aendelee kutembea, asilale kitandani siku nzima. Lakini kuna swali watu wanaona aibu kuliuliza, na mi naomba uliulize kila mara bila kuzunguka: mkojo unatoka kama kawaida, choo unakizuia vizuri, una ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Jibu likiwa baya, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, huyo hapewi dawa ya maumivu aende nyumbani, anapelekwa hospitali kubwa siku hiyohiyo, na piga simu mwenyewe kuwaeleza anakuja.