Shiti imefungwa, makro inagoma

SWALI: Daftari la mikopo la chama chetu liko kwenye Excel. Mwenzangu aliandika namba juu ya fomula ya salio, tukagundua mwisho wa mwezi. Sasa nimefunga shiti kwa nywila, lakini makro (amri zilizoandikwa ndani ya Excel zifanye kazi zenyewe) inayoingiza marejesho inagoma na kuleta kosa 1004. Nifanyeje?

JIBU: Ukifunga shiti kwa njia ya kawaida, Excel inaizuia makro sawa na inavyomzuia mtu. Dawa yake ni UserInterfaceOnly: mikono ya watu inazuiwa, makro inapita.

Kwanza fungua seli za kujazwa. Kila seli huja ikiwa na alama ya "Locked", ila alama hiyo huanza kufanya kazi shiti ikifungwa. Chagua seli za tarehe, jina na kiasi, bonyeza Ctrl+1, ingia "Protection", ondoa tiki. Za riba na salio usiziguse.

Kisha bonyeza Alt+F11 kufungua dirisha la msimbo wa makro, bofya ThisWorkbook mara mbili, andika haya ("Mikopo" ni jina la shiti, weka la kwako):

Private Sub Workbook_Open()
Sheets("Mikopo").Protect Password:="nywila yako", UserInterfaceOnly:=True, AllowFiltering:=True
End Sub

Usiiweke mahali pengine. Excel haihifadhi UserInterfaceOnly: ukilifunga faili na kulifungua kesho, nywila ipo, ruhusa ya makro haipo, na 1004 inarudi. Wengi hukwama hapa wakidhani wamekosea nywila. Workbook_Open huirudisha ruhusa hiyo kila faili linapofunguliwa.

AllowFiltering inaruhusu kuchuja, mradi vichujio viwe vimewashwa kabla ya kufunga. Kupanga mistari upya hakutakubali penye seli zilizofungwa.

Hifadhi kama .xlsm, kwenye .xlsx makro hazibaki. Faili likija kwa barua pepe, Windows huweza kuzuia makro zake. Libofye kulia, "Properties", weka tiki "Unblock". Hata makro zikizuiwa, fomula zinabaki salama, kwa kuwa nywila imehifadhiwa ndani ya faili.

Nywila hiyo inasomeka kwenye msimbo, kwa hiyo funga na msimbo wenyewe, kwenye dirisha lile la Alt+F11: "Tools", "VBAProject Properties", "Protection". Hata hivyo ulinzi huu ni wa mkono ulioteleza. Mwenye nia mbaya ataupita, na kwake dawa ni kutompa faili.

Jambo la mwisho, na tunalisisitiza: makro ikishaandika marejesho, Ctrl+Z haiyarudishi nyuma. Mstari wa kwanza wa makro yako uwe huu, upate nakala kabla haijagusa kitu:

ThisWorkbook.SaveCopyAs ThisWorkbook.Path & "\Nakala_" & Format(Now, "yyyymmdd_hhnnss") & ".xlsm"