Kabla hujashika grenda

Wiki iliyopita kijana mmoja anayetaka kujenga baiskeli yenye gurudumu lisilo na habu wala spoki kanitumia picha. Ringi nzuri ya saizi ya milimita 622, spoki zote 32 zimekatwa kwa grenda na kulazwa sakafuni kwa mstari, habu, kile kitovu cha gurudumu, imewekwa pembeni kama jino lililong'olewa. Chini ya picha kaandika: "Fundi, hatua ya kwanza tayari. Sasa nafanya nini?"

Sasa unanunua ringi nyingine, mdogo wangu.

Huyo ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza alikata spoki kabla hajajua beringi zitakaa wapi. Wa pili alikuwa ameshapaka fremu rangi ya fedha, tabaka tatu, halafu ndipo akaniuliza mnyororo utapita upande gani. Nawapenda sana nyie watoto, kwa sababu bila wendawazimu kidogo hakuna anayejenga baiskeli yenye gurudumu tupu katikati. Ila nimechoka kujibu jambo lile lile usiku wa manane. Naandika hapa mara moja. Sitaeleza friwili ni nini; kama hujui, funga kwanza habu ya kawaida mara kumi, kisha urudi.

1. Ringi bila spoki ni bangili.

Chukua ringi ya aluminiamu iliyovuliwa spoki, isimamishe, ibonyeze kwa juu kwa viganja viwili. Umeona ilivyokuwa yai? Ile ringi haikuwa duara kwa nguvu zake yenyewe. Ilivutwa kutoka pande 32 kwa wakati mmoja, na spoki zilizolazwa mshazari, zile ambazo James Starley alizichukulia hataza mwaka 1874, ndizo zilizopeleka nguvu ya mnyororo kutoka kwenye habu hadi kwenye tairi. Kwa hiyo ukitoa habu na spoki umetoa vitu vinne: uduara, ukinzani wa kuyumba pembeni, njia ya nguvu, na beringi ndogo iliyojificha mbali na matope. Vyote vinne lazima uvirudishe kwa mkono wako. Pete ngumu ya ndani, ile inayofungwa kwenye ringi na kukimbia juu ya rola, vigurudumu vidogo vilivyofungwa kwenye fremu, ndiyo gurudumu lenyewe. Ringi ya aluminiamu kazi yake ni kushika tairi tu.

2. Hesabu meno kabla ya kuota kasi.

Baiskeli yangu ya kwanza ya namna hii niliizungushia pete ya meno 120, nikaivuta moja kwa moja kutoka gia ya pedali ya meno 44. Nilidhani nina akili sana, kwa kuwa mnyororo ulipita bila kugusa kitu. Kwa mnyororo wenye milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, meno 120 yanakupa duara la kipenyo cha milimita 485 hivi, na lilikaa vizuri kabisa ndani ya ringi. Nikapanda. Nikapiga pedali. Miguu ikazunguka kama ya kuku anayefukuzwa, na mzee mmoja aliyekuwa anatembea zake akanipita, akageuka, akanipa pole.

Fanyeni hesabu wenyewe: 44 kwa 120 ni 0.37. Tairi lenye mzingo wa mita 2.1 linasogea sentimita 77 tu kwa kila mzunguko wa pedali. Mizunguko 60 kwa dakika inakupa kilomita 2.8 kwa saa. Baiskeli ya kawaida yenye 44 kwa 16 inakwenda karibu mita 5.8 kwa mzunguko mmoja.

Dawa yake ni ekseli ya kati, kati ya pedali na gurudumu: 44 kwenda 11, hapo kasi imezidishwa mara nne, kisha gia ya meno 36 upande wa pili wa ekseli hiyo ivute pete ya 120. Unapata mita 2.5 kwa mzunguko. Si ya mashindano, lakini wazee hawakupi pole tena. Wengine huweka habu yenye gia za ndani iwe ndiyo ekseli ya kati, na mimi siku hizi nafanya hivyo. Ndiyo, najua. Baiskeli isiyo na habu ina habu imefichwa chini ya siti. Usimwambie mtu.

3. Rola tatu, lakini si popote.

Kila mgeni huchora rola tatu kwa nyuzi 120: moja juu, mbili chini. Inapendeza kwenye karatasi. Sasa fikiri: ardhi inasukuma tairi juu, pete inakandamiza rola za chini, na ile ya juu haibebi chochote, inazuia tu pete isiruke. Rola mbili za chini zikiwa nyuzi 60 kutoka kitako cha gurudumu, kila moja inabeba uzito wote uliokuja nyuma, si nusu. Zisogeze chini hadi nyuzi 30 kila upande, kila moja inabeba asilimia 58. Na sehemu ya pete iliyo wazi kati yao inakuwa fupi, haipindi ovyo.

Beringi, usibane senti. Kwenye kilomita 25 kwa saa habu ya kawaida inazunguka mara 200 hivi kwa dakika. Rola ya milimita 40 inayokimbia ndani ya pete ya milimita 450 inazunguka zaidi ya mara 2,200. Chukua zilizofunikwa kwa mpira pande zote mbili. Mimi natumia beringi namba 6201. Zile 608 za viatu vya magurudumu waachie wenye viatu.

4. Pete.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa ndipo nisipopenda kufika.

Pete ya baiskeli yangu ya pili niliikata kutoka bamba la milimita 6, vipande sita vya upinde, ili nisipoteze chuma. Vipande sita maana yake maungio sita ya kuchomelea. Kanuni naijua, nimewafundisha wengi: unashikiza kidogo kila ungio, unachomelea moja, unahamia la mkabala wake, unaacha chuma kipoe, unageuza upande. Chuma kikipoa kinavuta. Kila mtu anajua.

Ila nilikuwa nimewaambia watu Jumamosi nitaipanda. Ilikuwa Alhamisi usiku. Nikashikiza, nikaanza ungio la kwanza, likatoka zuri, laini. Nikaona nisiharibu mkono uliokubali, nikaenda la pili, la tatu, nikazunguka kama mtu anayeshona pindo. Upande mmoja wote. Nikalala vizuri sana usiku ule.

Asubuhi nikapima kwa futi. Milimita 450 huku. Nikageuza: 446. Nikasema futi imelegea. Nikachukua vernia kubwa, kile kipimo cha taya: 446. Nikarudi kwenye futi, safari hii nikaivuta na kuibonyeza na kidole gumba mpaka ikasoma 449, nikaandika 449 kwa chaki ukutani. Ile chaki niliiacha miezi mingi baadaye, iniangalie. Nilipoilaza pete juu ya meza, ikatikisika kama mfuniko wa sufuria nyingine. Nikailaumu meza.

Pete ya yai haikubaliani na rola. Ukizikaza, inabana inapofika upande mwembamba. Ukizilegeza, inacheza upande mpana. Mimi nikapata wazo la kati: nikayapanua matundu ya bolti za rola ya juu kwa tupa, nikaweka kipande cha mpira nyuma yake kiwe kinanyoosha na kurudi. Kwenye stendi ilizunguka. Ilikuwa inasema tak, tak, tak, mara moja kila mzunguko, nikasema ni mnyororo mpya. Nikapaka grisi nyingi. Sauti ikapungua, nami nikafurahi kana kwamba nimetibu kitu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Jumamosi watu wakaja na simu zao. Mita hamsini za kwanza, wallahi, zilikuwa tamu. Unajua unavyojisikia ukipita na watu wakaona ukuta wa upande wa pili kupitia katikati ya gurudumu lako? Nikakunja kona ili nirudi mbele yao. Baiskeli ikalala, nguvu ya pembeni ikaja wakati ule ule upande mpana wa pete umefika kwenye rola za chini. Pete ikapanda ukingo wa rola, ikatoka nje, ikajikita kwenye fremu. Gurudumu likafunga. Nikateleza kwa kiwiko na paja, na ngozi iliyobaki pale sitaieleza.

Kiwiko kilipona. Mzee aliyenifundisha kukereza alikuwapo siku ile. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliichomoa pete kwenye mabaki, akaisimamisha, akaiviringisha sakafuni kama watoto wanavyokimbiza ringi. Ikaenda ikichechemea: inapanda, inashuka, inapanda. Wote tukaitazama mpaka ikaanguka.

"Hukuona?" akaniuliza.

"Niliona."

Akaondoka bila neno lingine.

Siku hizi nachomelea kila kitu kwanza, kwa kupishanisha pande, na pete naiacha na nyama ya ziada milimita 2. Inakwenda kwenye kerezo mwisho kabisa, baada ya moto wote kuisha. Naipima kwa saa ya kupimia, kile kipimo chenye mshale, si futi. Tofauti ikizidi milimita 0.3 inarudi mashineni, hata kama watu wameshafika.

5. Mengine, haraka haraka, kwa kuwa nimeandika sana.

Rola ya juu iwe kwenye bolti ya ekseni, ile yenye kitovu kilichohama, ukizungusha spana kidogo inakaza au inalegeza. Usiichomelee kwa upendo. Rola ziwe na mfereji, au weka nyingine ndogo za kubana pete pembeni. Kaza ukiwa umeshajaza tairi upepo, kwa sababu upepo unaminya ringi. Anayefunga magurudumu anajua spoki hulegea kidogo tairi likijazwa. Breki ya ringi inafaa, ringi bado ipo, acha kutafuta mahali pa kufunga diski. Nati zote zipakwe gundi ya kuzuia zisilegee. Uzito wa pete usiuchezee: gramu moja pembezoni mwa gurudumu, ukianza kuondoka, unaisukuma kama gramu mbili zilizokaa kwenye fremu. Na nyuma ya kila rola weka kibanzi cha mpira kinachokwangua mchanga, maana ile pete ni mdomo ulio wazi.

6. "Fundi, nifanye magurudumu yote mawili?"

Hapana.

Franco Sbarro, mbunifu wa magari wa Uswisi, alionyesha magurudumu ya namna hii mwaka 1989, na alikuwa na karakana. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliojenga baiskeli yao mwaka 2010 walifanya la nyuma tu, la mbele wakaliacha na spoki zake. La mbele linavutia kwa sababu halina mnyororo, linaonekana rahisi. Lakini rudia kichwani ile kona yangu ya Jumamosi, halafu gurudumu lililofunga liwe la mbele. Mimi niliteleza kwa paja. Ningeruka juu ya usukani, mbele ya simu zote zile.

Kwa hiyo nyuma kwanza, uiendeshe, uifungue, uangalie njia ya rola imekula upande gani, ufunge tena. Langu la mbele lina spoki 36 hadi leo, na jana nimelinyoosha tena.

Kijana wa picha: habu yako usiitupe. Nimeshakwambia itakaa wapi.