“Mkia juu” ni mizani ngapi?

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Baraza yetu hapa Wete ina paka mmoja wa watu wote. Jina lake Makonyo, kwa kuwa alitolewa ndani ya gunia la makonyo ya karafuu hajafumbua macho, na rangi yake ndiyo hiyo hiyo. Mwenzetu mmoja kasoma habari za haiku, tungo fupi za Kijapani, akasema tushindane: kila mtu atunge moja juu ya Makonyo, mshindi apikiwe pilau. Sasa tunagombana. Wako wanaosema “Mkia juu” ni mizani nne, wengine tano. Mzee wetu anasema tungo isiyo na vina si tungo. Na mwingine kashikilia kuwa haiku lazima itaje majira, na majira yenyewe ni ya Kijapani, ya theluji na maua tusiyoyajua. Nakuwekea tatu zilizokwisha kuletwa. Tuamulie, maana pilau imeshachangiwa.
– Mwanabaraza, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naiona mikono ya mama yangu ikikunja jamvi. Nitafika huko. Kwanza tumalize la mkia.

Tungo ya kwanza ni hii:

Mkia juu
amfuata mama
changu kapuni

“Mkia juu” ni mizani tano: m-ki-a, ju-u. Hiyo “m” imesimama peke yake mbele ya konsonanti na ina pigo lake, kama ilivyo kwenye mtu na mchuzi. “Mwenye” ni mbili tu, kwa kuwa “m” imejibana na “w”. “Ndege” mbili, “ng’ombe” mbili, na “nchi” pia mbili, ingawa kwa macho inaonekana moja. Anayebisha apige makofi taratibu huku anatamka.

Wajapani wanahesabu karibu sawa na sisi. Haiku yao huenda 5, 7, 5, na sauti yao ya “n” inayofunga neno huhesabiwa peke yake, kama “m” ya mkia. Irabu ndefu huhesabiwa mara mbili, kama “juu” yetu. Tokyo kwa masikio yao ni to-o-kyo-o, mizani nne. Kwa hiyo mliosema tano mmeshinda kwa hesabu ya Pemba na kwa hesabu ya Japani.

La vina. Mzee wenu nampa heshima yake. Shairi letu lina mizani 16 kila mshororo, 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, na ukiviondoa nyumba imeanguka. Lakini haiku nzima ni mizani 17. Ni mshororo mmoja wa shairi na pigo moja juu yake. Ukilazimisha vina humo, vinakula nafasi ya paka. Tazameni ya pili:

Paka wa kwetu
anakula vya kwetu
mpenzi wetu

Mizani imetimia, vina vimekaa, na Makonyo hayumo. Hatuoni rangi yake, hatuoni anachokula, tungo hii angeweza kupewa mbuzi. Aliyeitunga anampenda paka, hilo nalisikia. Namuomba akakae karibu naye robo saa, asiandike kitu, atazame masikio tu.

Sasa majira. Mwenzenu yuko sahihi kwamba haiku ya asili hubeba neno la majira. Huko Japani hata paka anayelia usiku akitafuta mwenza ni neno la majira, humwambia msomaji kuwa baridi imekwisha na miti inachipua. Lakini kwa nini Mpemba aazime theluji? Tuna kaskazi na kusi, tuna masika na vuli. Neno “vuli” ukimtajia mtu wa Wete, huhitaji kumweleza zaidi: karafuu ziko nje na mvua inanyemelea.

Ndiyo maana ya tatu imenishika:

Jamvi la jua
Makonyo kajikunja
vuli yangoja

Nilikuwa na miaka saba au minane. Karafuu zimeanikwa uani, zimeanza kugeuka kahawia, wingu likapanda upande wa baharini. Mama akaita, “Anueni!” Nikakimbilia pembe ya jamvi, na paka wetu yuko katikati, amelala tumbo juu, karafuu mbili tatu zimemnasa kwenye manyoya ya shingo. Matone yalikwisha kuanza. Karafuu ikilowa huota ukungu na bei yake huanguka, na mama alilijua hilo kuliko mimi. Aliachia pembe yake, akamnyanyua paka kwa mikono miwili, akamweka kibarazani, ndipo akarudi kukunja.

Hayo yote nimeyapata katika mizani 17. Aliyetunga hakusema mvua itanyesha, wala hakusema paka mvivu. Ameweka paka hapa na vuli pale, akaacha uwazi katikati, na mimi nikauingia na mama yangu. Huo uwazi ndio ufundi wenyewe. Wajapani wana hata maneno maalumu ya kukata tungo mahali hapo. Na mwambieni mzee asikilize mlio wa “ja” kwenye kajikunja na yangoja. Umekuja wenyewe, haukuburutwa.

Kuchekesha kunaruhusiwa. Haiku imetokana na tungo za kupokezana zilizojaa utani, na Kobayashi Issa (1763–1828) aliandika nyingi sana juu ya paka, nzi na viroboto, kwa huruma na kicheko pamoja.

Hukumu msiniachie mimi. Washairi wa Pemba, Kamange na Sarahani, walijibizana kila mmoja akijulikana, na utamu ulikuwa hapo. Kwenye vikao vya haiku mambo ni kinyume: kila mtu hutoa tungo bila jina, zinanakiliwa kwa mkono wa mwingine ili hati isijulikane, kisha wote huchagua. Mpeni mtoto mwenye mwandiko mzuri azinakili, azipe namba, asome kila moja mara mbili. Kila mtu achague mbili, na ya kwake asiiguse. Mimi ningechagua ya jamvi, na ya mkia naiweka pili. Ila kura yangu msiihesabu, sikuchangia pilau.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Sifugi paka, lakini wa dikoni Malindi nawajua wote. Naweza kutunga juu yao? Nimejaribu hivi: “Diko Malindi / paka wakaa safu / dau lafika.”
– Mchuuzi wa samaki, Unguja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unaweza, tena wewe unawaona kila alfajiri. “Paka wakaa safu” usiibadilishe hata herufi. Nimewaona hivyo hivyo, mikia imezungushwa miguuni, wote wanatazama maji. Ila mshororo wa kwanza unarudia tunachokijua tayari, maana paka wa safu na dau linalofika, hapo si diko? Nafasi hiyo ipe majira:

Kusi yalala
paka wakaa safu
dau lafika