Harufu ya tumbaku kwenye vitu vya ngozi na mbao vya urithi

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yetu alifariki mwaka jana na mimi nimeachiwa vitu vyake vitatu: sanduku la ngozi la safari, kiti cha ngozi alichokuwa akikalia kusoma, na dawati dogo la mbao lenye droo nne. Babu alivuta kiko na sigara kwa zaidi ya miaka 50, tena ndani ya chumba hicho hicho. Nimevianika juani siku mbili, nikavipulizia manukato, nikaweka kahawa ya unga kwenye droo. Harufu ilipungua nikafurahi, halafu mvua iliponyesha ikarudi kana kwamba babu ametoka chumbani sasa hivi. Wengine wananiambia nifute kila kitu kwa siki, wengine ninyunyize bekingi soda, wengine nikodi mashine ya ozoni. Nina mtoto wa miaka miwili anayependa sana kupanda kwenye kile kiti. Mama yangu naye ananisihi nisiiondoe harufu yote, maana ndiyo iliyobaki ya baba yake. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Katika yote uliyoniandikia, lililonisaidia zaidi ni hilo la mvua. Linaonyesha kwamba unachokinusa si hewa ya zamani iliyokwama ndani ya droo. Ni uchafu halisi, unaogusika. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na nyingi kati ya hizo, hasa lami na nikotini, hutua juu ya vitu na kuganda kama utando mwembamba unaonata. Utando huo hujengeka siku baada ya siku, kisha huzama kwenye vinyweleo vya ngozi na nyuzi za mbao. Siku ya joto, chembe zake nyepesi hupeperuka. Siku ya unyevu, maji ya hewani huingia kwenye vinyweleo na kuzisukuma nje chembe zilizojificha humo. Jua lako liliondoa zile zilizokuwa karibu kuondoka zenyewe, likaiacha ghala ikiwa imejaa. Manukato yaliongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza. Ile kahawa itoe leo hii: ina mafuta, na ikipata unyevu huota ukungu.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuondoa utando kwanza, kisha kunyonya kile kilichozama. Mengine yote yanafuata baadaye. Nimeona vitu vingi vizuri vikiharibika kwa sababu mtu alianza mwisho, akapaka mafuta au vanishi juu ya lami.

Kabla ya kazi yenyewe, neno kuhusu mtoto. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani walionyesha kwamba nikotini iliyoganda juu ya vitu inaweza kuungana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani na kuzalisha nitrosamini, kundi la kemikali ambalo baadhi yake husababisha saratani. Mtoto wa miaka miwili hushika, hulamba, kisha hutia vidole mdomoni. Sisemi hivi kukutia hofu, ila kiti hicho kiwekwe mbali naye mpaka tumalize. Na wewe vaa glavu, fungua madirisha.

Sasa yale matatu uliyoshauriwa. Siki ina ukweli ndani yake: nikotini ni besi, yaani kinyume cha asidi, na asidi huigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka kwenye maji na isiyopeperuka kirahisi. Lakini faida hiyo utaipata tu kwenye mbao zenye vanishi iliyo nzima. Kwenye ngozi usiitumie. Bekingi soda nayo ni besi, na kwa sababu hiyo ni hatari kwa ngozi. Ngozi iliyotengenezwa vizuri ina asili ya asidi, kwa kawaida pH (kipimo cha asidi na besi, 7 ikiwa katikati) kati ya 3.5 na 5, na bekingi soda iko juu ya 8. Ikipata unyevu juu ya ngozi huanza kuikausha na kubadilisha rangi yake, na unga wake ukiingia kwenye mikunjo na mishono hautoki. Kama unayo, iweke kwenye bakuli lililo wazi pembeni, isiguse kitu.

Ozoni, ile gesi kali inayotolewa na mashine hiyo, nakuomba uiache kabisa. Ni kweli huvunja chembe za harufu, lakini haichagui cha kuvunja. Hushambulia ngozi, rangi zake, nyuzi za mishono na mpira uliomo ndani ya kiti. Ikikutana na nikotini huzalisha vitu vingine, ikiwemo gesi yenye sumu ya formaldehaidi, na mapafu yako pia hayaipendi. Najua inavutia kwa sababu inaahidi kumaliza kazi kwa usiku mmoja.

Tuanze kazi. Toa kila kitu ndani ya sanduku na droo. Piga picha, angalia chini ya karatasi zilizotandikwa kwenye droo, maana watu wa zamani walihifadhi mambo huko. Karatasi hizo zina harufu kuliko mbao zenyewe. Kama hazina maandishi unayoyataka, zitupe. Kisha safisha vikiwa vikavu. Tumia kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini sana, funga kitambaa cha wavu mdomoni ili kisimeze kipande kilicholegea, na mkono wa pili ushike brashi laini ya kusukumia vumbi kuelekea kwenye mdomo huo. Pita kwenye mishono, chini ya vishikio, nyuma ya dawati, chini ya meza, pande zote za droo na ndani ya uwazi zinamoingia. Huko nyuma hakuna aliyewahi kufuta tangu dawati litengenezwe.

Baada ya hapo, kama unaweza kuipata, tumia sponji kavu ya mpira wanayotumia wasafishaji wa masizi baada ya moto. Haitiwi maji wala dawa. Unaipitisha polepole kwa upande mmoja, bila kusugua huku na huku, na masizi yanabaki juu yake. Upande ukishakuwa mweusi, unakata tabaka hilo kwa kisu na kuendelea na upande safi. Ni kazi ya kuchosha mkono, lakini kwangu hakuna hatua inayoondoa harufu nyingi kwa hatari ndogo kama hii.

Maji yanakuja baadaye, na kwa ngozi ni lazima uijue kwanza. Tafuta mahali pasipoonekana, weka tone moja la maji, subiri dakika moja. Likibaki limekaa juu kama ushanga, ngozi ina rangi au tabaka la kinga juu yake na itavumilia kufutwa. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi haina kinga, hiyo usiiloweshe. Ngozi yenye vinyoya kama mahameli nayo ni ya brashi na sponji kavu tu.

Kwa sanduku kuna jambo la ziada. Pitisha kidole kwenye kona na kwenye mkanda. Kidole kikitoka na unga mwekundu wa kahawia, simama. Huo ni ugonjwa wa ngozi za zamani zilizotengenezwa kwa magome ya miti, hasa za kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19: asidi imekula nyuzi zake. Tone la maji hapo hugeuza ngozi kuwa nyeusi na ngumu, na haitarudi ilivyokuwa. Sanduku la namna hiyo lisafishe likiwa kavu tu, na ikibidi kulikazia ngozi yake, mpelekee mhifadhi wa vitu vya kale.

Ngozi iliyofaulu mtihani wa tone, yaani kiti chako kwa uwezekano mkubwa, ifute kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichokamuliwa hadi kisidondoke, chenye maji safi na tone la sabuni laini isiyo na magadi. Futa eneo la ukubwa wa kiganja, kisha pitisha kitambaa cha pili chenye maji matupu, kisha kikavu. Utaona kitambaa kikitoka na rangi ya chai. Hiyo ndiyo lami yenyewe. Badilisha upande wa kitambaa kila mara, la sivyo unaihamisha tu. Usijaribu kumaliza kiti chote kwa siku moja. Acha kikauke kivulini penye upepo, rudia kesho au keshokutwa, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Jua na mashine za kukaushia nywele mbali. Ngozi ya zamani hujikunja kwa joto ambalo ngozi mpya lisingeitikisa.

Sasa nikwambie kinachowashinda wengi kwenye viti: si ngozi, ni kilichomo ndani. Kila aliyeketi alisukuma hewa nje ya mto, na kila aliponyanyuka mto ulivuta hewa ya chumba, moshi na vyote. Miaka 50! Kama mto una zipu, au kitambaa cha chini ya kiti kinafunguka, toa sponji iliyomo uweke mpya. Sponji ya namna hiyo haisafishiki. Zikiwa ni nyuzi za nazi au singa za farasi, hizo zinaweza kuanikwa kivulini kwa wiki kadhaa. Na sanduku nalo liko hivyo hivyo: ukinusa vizuri utakuta bitana, kile kitambaa au karatasi ya ndani iliyogundishwa kwenye kadibodi, ndiyo inayonuka, kuliko ngozi yenyewe.

Kwenye dawati, sehemu iliyopakwa vanishi ni rahisi. Jaribu mahali pa siri kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo: ikilainika na kunata, umaliziaji wake ni shelaki, ule utomvu wa wadudu wa laki, na hapo usitumie spiriti tena wala maji mengi. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, kausha papo hapo. Ikibaki ngumu, unaweza kutumia maji yenye siki nyeupe kidogo, kijiko kimoja kwa vikombe viwili, kisha ufute kwa maji matupu. Mbao zilizogandishiwa veniya, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri juu yake, nazo zihurumie: samani za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, na gundi hiyo huachia kwa maji ya uvuguvugu. Kwenye vinakshi vidogo wahifadhi tunatumia mate kwenye kijiti cha pamba. Usicheke, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulipima jambo hilo na kukuta kimeng'enya cha amilesi kilichomo kwenye mate ndicho kinachofanya kazi kubwa.

Mbao tupu za ndani ya droo hazifutwi kwa maji, zitayanywa. Hapo, pamoja na sanduku na kiti, tumia mkaa maalumu wa kunyonya harufu, ule unaowekwa kwenye vichujio. Gramu moja yake ina vinyweleo ambavyo vikitandazwa vingezidi mita za mraba 500, ndiyo maana hushika kinachopita. Mkaa wa kupikia hauna nguvu hiyo na utakuchafulia vitu. Weka kitu ndani ya boksi kubwa la plastiki au chini ya hema la nailoni lililofungwa, mkaa ukiwa kwenye mabakuli usiguse chochote, kwa wiki tatu hadi sita, ukiubadilisha katikati. Fungua kila baada ya siku chache kuangalia ukungu, na ukipata kipima unyevu, usiruhusu unyevu kuzidi asilimia 60.

Usitegemee pua yako kupima, imeshazoea. Laza kitambaa safi cha pamba usiku kucha ndani ya droo iliyofungwa, asubuhi kitoe nje ya nyumba umpe mtu mwingine anuse.

Kama baada ya wiki sita droo bado zinanuka, na hazina maandishi wala nembo ya fundi aliyezitengeneza, pitisha msasa laini kidogo (ila si juu ya rangi ya zamani, huenda ina madini ya risasi) halafu paka mbao tupu matabaka mawili membamba ya shelaki iliyoondolewa nta. Hiyo hufungia harufu vizuri kuliko vanishi nyingi. Ngozi ya kiti, ikishaacha kunuka na si kabla, inatosha krimu kidogo sana ya ngozi. Mafuta mengi huziba uchafu ndani na kuukaribisha mwingine.

Nimebakiza ombi la mama yako, na nalichukulia kwa uzito kama mengine. Unapotoa ile bitana au karatasi ya droo, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, umpe. Aiweke juu, mtoto asiifikie. Atakapotaka kumnusa baba yake atafungua.