Hesabu kwanza, bei baadaye: maswali yenu kuhusu kujenga na kumpata fundi

Wengi mmeuliza bei. Tumejibu kwa vipimo, maana bei ya saruji Tunduma siyo ya Tegeta, lakini idadi ya mifuko ni ileile. Bei jaza mwenyewe kutoka duka la karibu na saiti yako.

Ramani yangu ni ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 9. Fundi kanipa bei ya jumla mpaka kuezeka, vifaa na ufundi humohumo. Nitajuaje kama ananipiga? (Msomaji, Kibaha)

Bei isiyo na mchanganuo haipimiki, hata na fundi mwenyewe. Kaa na ramani na kikokotoo.

Kuta za nje ni mita 38. Za ndani, kwa ramani ya namna hiyo, ni kama mita 30. Jumla 68. Zidisha kwa kimo cha mita 3, unapata mita za mraba 204; toa milango na madirisha, zinabaki kama 180. Tofali la inchi 6 (urefu inchi 18, kimo inchi 9) likisimamishwa huingia 9 na robo kwenye mita moja ya mraba pamoja na mota (saruji na mchanga wa kuungia). Hesabu 10 ili kufidia yanayovunjika: tofali 1,800. Msingi wa kozi (mistari ya tofali) 4 za kulaza, yaani tofali limelala na kimo chake ni inchi 6, unataka tofali 148 kila kozi, kwa hiyo weka 620. Jumla ni 2,420.

Jamvi (sakafu ya zege) la mita za mraba 90 lenye unene wa sentimita 10 ni zege mita za ujazo 9. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) unahitaji mifuko 58 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 4 na kokoto 8. Lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) ya inchi 6 kwa 9 kuzunguka kuta zote ni zege mita za ujazo 2.3, yaani mifuko 15, pamoja na nondo 25 za milimita 12 ukiweka nne nne na kuhesabu maungio. Ringi za kuzifunga nondo hizo, ukiziweka kila sentimita 20, zitafika 340. Nondo 17 au 18 za milimita 8 zinatosha kuzikunja.

Sasa mwambie fundi aandike zake. Akizidi tofali 100, si neno. Akizidi 600, akuonyeshe ukuta ambao wewe hukuuona. Akiwa chini sana pia muulize, maana huyo ndiye atakayekupigia simu boma likiwa madirishani kusema vifaa vimeisha. Kisha ongeza vile ambavyo karibu kila mtu huvisahau: maji ya kujengea, mbao na mirunda ya lenta, misumari, waya wa kufungia, usafiri, mlinzi na shimo la choo. Na boma lililoezekwa usiliite nyumba. Plasta, dari, vigae, umeme, mabomba, milango na madirisha vinaweza kula sawa na ulichokwisha kutumia, au zaidi.

Nimepata kiwanja cha bei nafuu Goba, lakini kina mteremko. Utaniongezea gharama kiasi gani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Chukua nyumba ile ile ya swali la kwanza. Kona ya chini ikiwa mita 1.5 chini ya kona ya juu, upande ule unaongezewa kozi 9 za kulaza, na ndani ya msingi kifusi cha karibu mita za ujazo 67 kabla hujahesabu kusinyaa kwake kikishindiliwa. Nafuu ya kiwanja inaweza kuishia hapo. Tatizo kubwa zaidi ni haraka: kifusi kinamwagwa chote siku moja, kinarushiwa maji juu, jamvi linamwagwa kesho yake. Mwaka haupiti, sakafu inabonyea na vigae vinapasuka. Kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, inchi 6 kila moja. Upande ambako msingi umepanda juu zaidi nao uwekewe nguzo za zege, maana kifusi kilicholowa husukuma ukuta kwa nguvu.

Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi? Wafyatuaji wote huku kwetu wanasema "imara". (Msomaji, Morogoro)

Za inchi 6, mfuko ukitoa 25 hadi 30 ni tofali zuri. Ukisikia 45, hilo ni mchanga ulioshikiliwa na matumaini. Kwaruza kona kwa msumari: likimomonyoka kama sukari, acha. Angusha moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, zuri halisambaratiki. Uliza pia lilimwagiwa maji siku ngapi. Zisipungue 7, na lisijengewe kabla ya wiki mbili. Ukiweza, peleka saruji yako, tofali zifyatuliwe saitini, ila kaa pale pale mpaka mfuko wa mwisho ufunguliwe.

Fundi mzuri nimtambueje? Wote wana picha nzuri kwenye simu. (Msomaji, Mbeya)

Picha achana nazo. Taka nyumba tatu alizojenga, angalau moja iliyokwisha kunyeshewa masika mawili. Ukifika, tazama kona za madirisha: nyufa za mshazari zinaonyesha lenta dhaifu au msingi uliotitia. Tazama plasta futi mbili za chini: ikivimba na kubanduka, pengine hakuweka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Beba timazi yako (uzi wenye uzito wa kupimia wima), ishushe kwenye kona. Halafu muulize mwenye nyumba swali moja: vifaa vilitosha kama alivyoandika mwanzo?

Fundi mwenyewe mwulize anavyopima zege la lenta. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa ndoo ya lita 20 mfuko mmoja unakwenda na mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, na maji ndoo moja na robo; yakizidi, yazidi kidogo tu. Anayekujibu kwa koleo, "tunakadiria tu bosi", atakadiria na lenta yako. Maji ndiyo wanayozidisha zaidi, kwa sababu zege la uji ni jepesi kumwaga. Maji ya ziada yakikauka huacha matundu, na nguvu inaondoka nayo.

Nimlipe kwa siku au kwa kazi? Anataka nusu mkononi kabla ya kuanza. (Msomaji, Dodoma)

Kwa siku, kazi hutambaa. Kwa kazi, hukimbia. Tunashauri ulipe kwa kazi iliyogawanywa hatua: msingi, jamvi, boma na lenta, kupaua, plasta. Kianzio kisizidi sehemu ya tano ya hatua husika, kimtoshe kulisha vibarua. Nusu ya kazi nzima usitoe. Shikilia asilimia 10 ya kila hatua mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite juu ya bati. Mwandikishiane yote haya, na mashahidi wawili watie saini.

Niko Muscat, najenga Bagamoyo. Kaka yangu ndiye msimamizi. Nafanyaje bila kugombana? (Msomaji, Oman)

Usimtwishe kaka kazi mbili, kushika hela na kukagua. Lipa duka moja kwa moja, risiti ije kwako, na kaka apokee mzigo na kuuhesabu. Mlipe fundi sanifu au mhandisi asiye na undugu na mtu yeyote saitini aje siku za kumwaga zege tu. Picha unazozihitaji ni za vitakavyofukiwa: nondo ndani ya msingi na lenta kabla ya zege, futi kamba ikiwa imewekwa juu yake.

Nondo ipimwe kwenye mizani. Ya milimita 12, urefu mita 12, ina kilo 10.6 hivi. Ikisoma 8 na kidogo, umeuziwa milimita 10 na nusu kwa jina la 12. Nondo na tofali unaweza kununua mapema. Saruji usinunue yote. Ikikaa miezi mitatu, hasa pwani, inaanza kuganda na nguvu kupungua. Mchanga wa ufukweni ukataliwe kabisa, maana chumvi yake inakula nondo kutoka ndani.

Bati geji 28 au 30? (Msomaji, Tanga)

Geji 28. Namba kubwa ndiyo bati jembamba, na upepo wa bahari hauna huruma na jembamba.

Nataka ghorofa moja tu. Fundi wangu anasema ameshazijenga nyingi. (Msomaji, Arusha)

Hapo fundi peke yake hatoshi. Unahitaji michoro ya mhandisi wa miundo, kibali cha halmashauri na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Namba yake ihakikishe kwa bodi yenyewe, siyo kwenye kadi yake. Slabu ya juu inabebwa na nondo ambazo hutaziona tena, na fundi anayepanga ukubwa wake kwa mazoea anaweza kupatia nyumba tisa akakosea ya kumi. Kama fundi wako ni mzuri kweli, mkandarasi amchukue afanye kazi chini yake.