Shemeji anataka tuishi Abbey Wood, mimi nafikiria Ilford: nifanyeje?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi kutoka Tanga, nina umri wa miaka 31, nimeolewa na tuna binti mmoja wa miaka sita. Nimepata kazi katika hospitali iliyopo Whitechapel, mashariki mwa London, na nitasafiri mwezi ujao. Mume wangu na mtoto watanifuata baada ya miezi sita hivi. Kaka wa mume wangu anaishi Abbey Wood na ametutafutia nyumba ya vyumba viwili jirani na kwake. Mwenye nyumba anataka amana ya kodi ya miezi miwili, na shemeji anasema nitume fedha wiki hii kabla nyumba haijachukuliwa. Kwa upande mwingine, rafiki niliyesoma naye chuo cha uuguzi anaishi Ilford, na katika nyumba aliyopanga kuna chumba kitupu. Kila mmoja ananiambia kwamba kwake ni robo saa tu hadi kazini kwa treni ile ile, Elizabeth line. Zamu zangu zitakuwa za mchana na za usiku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Mume wangu anasema nikiikataa nyumba ya kaka yake nitakuwa nimeidharau familia yao. Nishauri.*

*Niliye njia panda, Tanga*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi uliyoipata kwa jasho lako. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu nimeona wauguzi hodari wakifika London na kuchoka ndani ya miezi michache, si kwa ugumu wa wodi bali kwa safari ya kwenda na kurudi, na sipendi yakukute hayo.

Nianze na ramani, maana naona wanaokushauri kila mmoja ameutazama upande wake. Njia hiyo ya treni, iliyofunguliwa kwa abiria tarehe 24 Mei 2022, inatoka magharibi, huko Reading na uwanja wa ndege wa Heathrow, inapita chini ya katikati ya jiji hadi Whitechapel, na hapo Whitechapel ndipo inapogawanyika matawi mawili: moja linakwenda kaskazini mashariki kupitia Stratford, Ilford na Romford hadi Shenfield, na la pili linakwenda kusini mashariki kupitia Canary Wharf na Woolwich hadi Abbey Wood. Wewe basi utafanya kazi kwenye njia panda yenyewe. Wanaokuambia robo saa hawakudanganyi, kwani kutoka Abbey Wood ni kama dakika 15 na kutoka Ilford ni kiasi hicho hicho au zaidi kidogo. Vituo vyote viwili viko kanda ya 4 ya nauli na Whitechapel iko kanda ya 2, kwa hiyo hutagusa kanda ya 1, ambayo ndiyo ghali. Mtu akikushawishi uende Southall, upande wa magharibi, kwa kuwa nako treni ni hiyo hiyo, kumbuka kwamba kila siku utalikata jiji zima na kuilipia kanda hiyo ya katikati.

Kwa kuwa dakika na nauli zinakaribiana, haziwezi kukuamulia. Swali ninalotaka ulijibu kabla hujatuma hata shilingi ni hili: siku ambayo treni haipo, utafikaje kazini?

Watu watakutisha na zamu za usiku, lakini kwa upande wa usafiri hizo si tatizo kubwa. Katika hospitali nyingi za Uingereza zamu ya usiku huanza karibu saa moja na nusu jioni na kumalizika karibu saa mbili asubuhi. Utaingia mjini wakati wafanyakazi wa ofisini wanatoka, na utarudi nyumbani wakati wao wanaingia, ukiwa umekaa kwenye kiti. Zamu ya kuiogopa ni ile ya mchana ya siku ya Jumapili. Siku hiyo treni za kwanza huanza kupita baadaye kuliko siku nyingine, wakati mgonjwa wako anakutarajia saa ile ile ya moja na nusu asubuhi, na ukarabati wa reli nao hupangwa mwishoni mwa juma, hasa kwenye reli za zamani za tawi la Shenfield, ambako unaweza kukuta sehemu nzima imefungwa na mabasi ya badala yamewekwa.

Hili nalijua kwa kuwa lilinipata. Miaka niliyoishi Manor Park, kabla njia hii haijafunguliwa, nilitoka nyumbani Jumapili moja ya Desemba kungali giza totoro, nikafika kituoni nikakuta lango limefungwa na tangazo limebandikwa ambalo wiki nzima nilikuwa nimelipita bila kulisoma. Kilichoniokoa ni kutembea dakika chache hadi barabara kuu ya Romford Road na kupanda basi namba 25. Nilichelewa, lakini nilifika, na tangu siku hiyo kila anayeniuliza habari za kupanga nyumba London namuuliza kwanza njia yake ya pili ni ipi.

Hapo ndipo Ilford inapoizidi Abbey Wood, kwa hali yako ya sasa. Basi hilo namba 25 linafanya kazi saa 24, linatoka Ilford kupitia Manor Park, Forest Gate, Stratford na Mile End, na linapita Whitechapel, hatua chache kutoka hospitali. Linakawia, na mchana linaweza kukuchosha kwa foleni, lakini alfajiri ya Jumapili barabara huwa nyeupe. Nauli ya basi London ni moja tu, uende karibu au mbali, na ukipanda basi la pili ndani ya saa moja hulipi tena. Zaidi ya hayo, Manor Park na Forest Gate haziko mbali na East Ham na Upton Park, ambako treni ya District, njia nyingine kabisa, inakupeleka Whitechapel bila kubadilisha. Kwa sababu hiyo, chumba cha rafiki yako kikishindikana, tafuta Manor Park au Forest Gate kabla ya kwenda mbele zaidi, Seven Kings au Romford, ambako kila kituo kinakuongezea umbali kutoka kwenye njia hizo za pili.

Kuna faraja nyingine upande huo ambayo sitaki uidharau, nayo ni chakula. Kutoka Forest Gate ukitembea kuelekea Upton Park unafika Green Street na soko la Queen's Market, ambako utapata bamia, muhogo, nazi, ndizi za kupika, samaki na nyama ya halali, na siku ambayo baridi imekukaa kwenye mifupa na umeikumbuka Tanga hadi machozi yanakulengalenga, chungu cha samaki wa nazi ni dawa.

Hata hivyo ningekuwa mwonevu kama ningeisema Abbey Wood vibaya. Treni zinaanzia pale, kwa hiyo asubuhi utapata kiti, wakati Ilford zinafika zikiwa zimebeba watu wa Romford na Shenfield. Tawi lake kwa sehemu kubwa limo ndani ya mahandaki mapya na linapita chini ya mto Thames. Nyuma ya kituo kuna msitu mzuri na magofu ya abasia ya Lesnes, iliyoanzishwa mwaka 1178, mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia hadi achoke. Maduka ya vyakula vya Kiafrika hayakosekani kuanzia Thamesmead hadi Woolwich, kwa kuwa watu wa Afrika Magharibi wamekaa huko kwa wingi. Kasoro yake ni mto. Treni hiyo ikisimama, hospitali iko ng'ambo ya Thames, na basi lolote litakulazimisha kuzunguka na kubadilisha. Woolwich, kituo kimoja kabla ya Abbey Wood, ni afadhali kwa jambo hili, kwani pale kuna pia treni ndogo za DLR zinazovuka kwenda kaskazini mwa mto tangu mwaka 2009.

Sasa tuzungumzie fedha, kwa sababu hapa nina wasiwasi wa kweli. Umeandika kwamba mwenye nyumba anataka amana ya kodi ya miezi miwili. Sheria ya Uingereza, tangu Juni 2019, hairuhusu amana ipite kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000, na hiyo ni karibu kila nyumba ambayo muuguzi anaweza kupanga. Fedha ya kushikilia nyumba kabla ya mkataba haipaswi kuzidi kodi ya wiki moja, na amana yenyewe lazima ihifadhiwe katika mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Simshuku shemeji yako. Huenda naye ameambiwa hivyo na dalali na hakutaka kukusumbua. Lakini mwenye nyumba anayeanza kwa kudai zaidi ya sheria, tena kwa haraka, kutoka kwa mtu aliye Tanga ambaye hajaiona nyumba, si mtu wa kutumiwa fedha. Mwombe shemeji amuulize kwa maandishi amana itahifadhiwa katika mfuko gani, na jibu litakuonyesha ni mtu wa namna gani.

Rafiki yako naye mhoji, urafiki usikuzibe mdomo. Je, mwenye nyumba anajua kwamba chumba kitapangishwa, na utapewa mkataba wenye jina lako? Nyumba inakaliwa na watu wangapi, na ina leseni ya halmashauri kama inahitajika? Nalitilia mkazo hasa jambo ambalo wageni wengi hawaliulizi: je, chumba kinatazama barabara au reli, na nani yumo ndani kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri? Hizo ndizo saa utakazolala baada ya zamu ya usiku, na chumba kizuri kilicho juu ya duka lenye mashine na kelele hakitakufaa kitu.

Nimekuja kwenye jambo ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Mume wako anasema ukikataa utakuwa umeidharau familia. Mwanangu, shemeji yako hajakosea mahali, amekosea wakati. Kwa miezi sita ya kwanza utakuwa peke yako, na mzigo wako utakuwa ni kazi, usingizi na kuhesabu kila pauni. Kulipa kodi ya vyumba viwili wakati kimoja hakina mtu ni kuzichoma fedha ambazo zingenunua tiketi za ndege za mume na mtoto. Lakini binti yenu akishafika, hesabu inageuka. Shule za msingi huko humaliza masomo karibu saa tisa na nusu alasiri, wewe uko wodini hadi saa mbili usiku, na mume wako naye atakuwa anahangaikia kazi. Siku hizo, kuwa na baba mkubwa na mama mkubwa wa mtoto mtaa wa pili ni utajiri ambao hakuna basi linaloweza kukuletea. Mtoto wa miaka sita anaombewa nafasi ya shule kupitia halmashauri, na umbali kutoka nyumbani hadi shuleni huzingatiwa; Abbey Wood iko mpakani mwa halmashauri mbili, Greenwich na Bexley, kwa hiyo wakati huo shemeji anaweza kuwasaidia kuulizia upande upi una nafasi.

Maoni yangu, basi, ni kwamba uchukue chumba cha Ilford kikishapita maswali yale, na mipango ya Abbey Wood au Woolwich muiweke kwa ajili ya siku mtakapokuwa watatu. Usimwachie mume wako akufikishie ujumbe huu kwa kaka yake, kwa sababu ukipita mdomo wa pili utasikika kama ukaidi. Mpigie shemeji mwenyewe, umsalimie kwa heshima yake, umshukuru kwa miguu aliyoitembeza kwa ajili yako, umweleze habari ya zamu za Jumapili na ya amana, kisha umwombe jambo ambalo ni yeye tu anayeweza kukufanyia: akupokee Heathrow na akulaze kwake siku zako za kwanza, ili mguu wako wa kwanza London ukanyage nyumbani kwa ndugu wa mume wako.

Na ukiwa hapo kwake, Jumapili ya kwanza amka kama mtu mwenye zamu. Toka mlangoni kwa saa ambayo itakubidi utoke, nenda hadi mlango wa hospitali kwa usafiri utakaoukuta, na andika kwenye karatasi saa uliyotoka, saa uliyofika na ulichopanda. Jumapili inayofuata fanya vivyo hivyo kutoka Ilford, kisha mpigie mume wako umsomee karatasi zote mbili.