Kabla ya Kuchagua Nchi, Pita Idarani

Kila orodha ya vyuo rafiki ikibandikwa, wadogo zangu hunitafuta na swali lile lile: kaka, Ujerumani na Sweden, ipi nzuri? Mimi mwaka wangu wa tatu niliusomea Uppsala, Sweden, kwa ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na jibu langu huwakata stimu kidogo kwa sababu linaanzia kwenye makaratasi. Nenda idarani kwanza. Habari ya nchi itafuata.

Kwa mpango huu huchagui dunia nzima. Unachagua kwenye orodha ya vyuo ambavyo chuo chako kimetiliana navyo saini, na mara nyingi makubaliano yenyewe ni ya idara au kitivo, kwa hiyo mwanafunzi wa sheria anaweza kuwa na mlango ambao wa uhandisi hana. Ada ya kule hulipi, posho ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi, na nauli ina fungu lake. Pesa hazipishani sana, basi kinachobaki cha kupima ni masomo.

Ujerumani huwanasa wengi hapo hapo. Unafungua tovuti ya chuo, unaona kozi za Kiingereza zimejaa, unafurahi, kumbe nyingi ni za shahada ya uzamili. Za shahada ya kwanza nyingi zinafundishwa Kijerumani. Sweden, Ufini na Uholanzi kuna nafuu kubwa kwa upande huo. Kundi moja tu ninalolielekeza Ujerumani bila kusita ni wanaosoma Kiswahili: kinafundishwa Bayreuth, Leipzig na Hamburg, na Bayreuth wamekuwa na kongamano lao la Kiswahili kwa miaka mingi. Watu watakucheka ukisema unakwenda Ulaya kusomea Kiswahili. Waache wacheke.

Ukishapata kozi unazozitaka, keti na mratibu wa idara mkubaliane kila moja itasimama badala ya ipi ya kwenu. Hayo ndiyo yanayoingia kwenye mkataba wa masomo, ambao unasainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Muhula mzima ni krediti 30 kwa kipimo cha Ulaya. Halafu uliza jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza: alama zitageuzwaje?

Sweden kozi nyingi hutoa G, yaani umefaulu, au VG, umefaulu vizuri sana. Basi. Kwetu Tanzania A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na daraja la kwanza linaanzia GPA, yaani wastani wa pointi, ya 4.4. Sasa hiyo G ni B+ au ni C? Mwenzangu mmoja aliondoka bila kuuliza. Alirudi na G zake nyingi, zote zikaandikwa C, na barua yake ya malalamiko ikazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka wenzake wanavaa majoho. Ujerumani nako mambo yamegeuka: 1,0 ndiyo alama ya juu kabisa na 4,0 ni ya kuponea chupuchupu. Kwa hiyo jibu la idara liwe kwa maandishi, lina saini na muhuri, na nakala moja ibaki kwa mtu wa nyumbani.

Nikiulizwa muhula mmoja au mwaka, nasema mwaka. Muhula wa kwanza wa Sweden unaanza mwisho wa Agosti na kuisha katikati ya Januari. Ukirudi wakati huo unakuta wenzako wako katikati ya muhula, huna pa kuingilia. Ukikaa mwaka mzima unamaliza mwanzoni mwa Juni na fildi, yaani mafunzo ya vitendo, unaiwahi. Tena kule, katika idara nyingi, kozi hazisomwi zote kwa mpigo. Unasoma moja kwa wiki tano au kumi, unafanya mtihani, ndipo unaanza nyingine. Mimi niliupenda utaratibu huo kuliko kitu chochote kingine cha Sweden, theluji ikiwemo.

Kuhusu mji, usione haya kuchagua mdogo. Posho haiongezwi kwa sababu umekwenda mji mkuu, lakini kodi ya chumba inaongezeka. Kiulize chuo kama kinawapatia vyumba wanafunzi wa mabadilishano au kila mtu anajitafutia. Berlin na München mtu anaweza kuhangaika miezi, na matapeli wanalijua hilo: wanakutumia picha za chumba kizuri wanataka amana kabla hujakiona. Mimi nilipewa chumba Flogsta, kwenye maghorofa ya wanafunzi. Choo na bafu ni vyako, jiko mnatumia watu 12. Saa nne usiku madirisha yanafunguliwa na watu wanapiga mayowe, jengo hili na lile, kisha kimya, kila mtu na kitabu chake. Ni desturi yao ya siku nyingi. Usiku wa kwanza mimi nilishavaa viatu nikijua ni mwizi.

Suala la namba ya utambulisho nalo litazame kabla hujasaini. Sweden anayekaa chini ya mwaka mmoja hapewi namba ile wanayopewa wakazi, na mwaka wa masomo ni kama miezi kumi. Bila namba hiyo, kufungua akaunti ya benki ni kazi, na Swish, ambayo ndiyo M-Pesa yao, huipati. Noti nazo hazikusaidii sana, maana hata kwenye basi hawazipokei. Beba kadi ya benki ya nyumbani iliyofunguliwa kwa malipo ya nje, pamoja na akiba ya kukusukuma mwezi wa kwanza, kwa sababu posho inaweza kuchelewa. Ujerumani hapo wamerahisisha: mgeni anajiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na cheti hicho kinafungua milango mingine.

Baridi ina koti. Kilichonielemea ni giza: Desemba, Uppsala, jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Kama unajijua ni mtu wa kuzama kwenye mawazo, nenda kusini zaidi. Ramadhani isikutishe, miaka hii inaangukia Februari na Machi, saa za kufunga hazipishani sana na za kwetu.

Vyuo vingi vya huko hufunga maombi ya muhula wa Agosti kati ya Machi na Mei, na kibali cha kuishi nacho kinataka muda wake. Mratibu wako mfuate Januari, ukiwa na orodha ya kozi imeshachapwa.